Bi Weka Hawashi Mpaka Waitike Wote

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwapo, tena lilikuwa zuri, ila watu wa bondeni walikwisha kulisahau. Wao walimwita Bi Weka, wakubwa kwa wadogo, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilipata kwa kazi yake.

Kila alasiri, jua likishaegemea kilima na wenye bustani wakishafunga mifereji yao, alitoka nyumbani akiwa amejifunga aproni ya turubai iliyomfika kwenye vifundo vya miguu. Ilikuwa ya marehemu mumewe, na marehemu alikuwa mtu wa kimo. Alishuka kijia mpaka kwenye kibanda cha mtambo kando ya mto, akavua ndala, akavaa mabuti ya mpira, akaomba dua fupi ya kumkabidhi Mungu mikono yake, kisha akasimama mlangoni na kujaza kifua hewa.

"Nawekaaa."

Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini sauti ile ungedhani ameiazima kwa mtu mwingine. Ilipanda mteremko nyumba kwa nyumba, na nyumba zikajibu moja moja, kuanzia ya chini kabisa iliyo karibu na maji hadi ya juu kabisa iliyo karibu na barabara.

"Weka, Bi Weka."

"Weka, mama."

"Weka, dada yangu, pasi nimeshaichomoa."

Mama Pacha alijibu kutoka jikoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kiunoni. Fundi cherehani alijibu bila kuinua uso, pini zikiwa mdomoni, ila jibu lake lilijulikana kwa kuwa lilikuwa nusu neno. Mpaka nyumba ya mwisho iwe imeitika, mkono wa Bi Weka haukugusa mpini wa lango la maji. Baada ya hapo ndipo alipoufungua. Maji yalishuka ndani ya bomba kwa kishindo, gurudumu lililofichwa ndani ya pipa la chuma likaanza kuguna, mkanda ukazunguka, na balbu iliyoning'inia kibandani ikawa nyekundu kama kaa la moto, kisha njano, kisha nyeupe. Mteremko wote ukawaka taa. Bi Weka alisema, "Asante, Baba," akaketi kwenye kigoda chake kuusikiliza mtambo kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto aliyelala.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma. Huyu hakuwahi kuitika kama watu wanavyoitika. Kwake kila alasiri ilikuwa na jibu lake.

"Weka, shemeji, ila usitubanie kama unavyobania chumvi."

"Weka, kikongwe, kabla meno hayajakuishia ukashindwa kulitamka."

Bi Weka alikuwa akijibu chini chini huku akifungua lango, "Ngoja, ipo siku nitakuwekea giza peke yako." Wote wa juu na wa chini walicheka. Hapo ndipo watu walipojua kwamba mchana umekwisha.

Mwito huo haukuanza hivi hivi. Marehemu alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka, mtu asiyeweza kuona chuma kimetupwa akapita. Aliokota pipa, akaokota gurudumu la mashine iliyokufa, akaunganisha hili na lile, na mwanzoni ilikuwa ni kwa ajili ya kuchaji betri za redio tu. Bi Weka, wakati huo mke kijana aliyeishia darasa la saba, kazi yake ilikuwa kumpa spana. "Nipe kumi na tatu. Nipe kumi na saba." Alizijua spana kama mama anavyowajua wanawe, hata gizani, kwa kuzipapasa. Taratibu waya ukafika nyumba ya jirani, jirani naye akaomba upite kwa kaka yake, na mwisho mteremko mzima ukawa unakula chungu kimoja.

Siku moja marehemu alifungua maji mapema kidogo kuliko kawaida. Jirani mmoja alikuwa juu ya kiti akifunga kishikio cha balbu. Umeme ulimtupa mpaka mlangoni. Hakufa, Mungu ni mwema, lakini vidole vyake viwili havikunyooka tena. Marehemu alikaa hapokei chakula, na alipokipokea alisema jambo moja: kuanzia leo siwashi mpaka kila nyumba iitike. Na aliitia sheria yake mipaka. Kila mtu ajiitikie mwenyewe. Hakuna kumjibia mwenzio, hata kama umemwona kwa macho yako amekaa barazani anakula mahindi. Anayesafiri achomoe fyuzi ya nyumba yake ailete mtamboni, itundikwe kwenye msumari mpaka arudi. Na ukisikia kimya, usinung'unike, nenda ukaangalie.

Kwa kimya hicho mwalimu mmoja mstaafu aliokotwa bafuni ameteleza, amelala hana wa kumwinua. Kwa kimya hicho pia mume fulani alifumaniwa hayupo alikosema yupo, lakini hayo tuyaache, Mungu husitiri.

Marehemu alipotangulia, kamati ya maji ilikaa kutafuta fundi wa kuja kuendesha mtambo. Kikao kilikuwa kirefu na maneno yalikuwa mengi. Wakiwa bado wanabishana, wakasikia kutoka mtoni: "Nawekaaa." Sauti ya mwanamke. Kwanza hakuna aliyejibu, si kwa ubaya, kwa kushangaa. Kisha kutoka juu shemeji mtu akapaza sauti, "Weka, shemeji. Ukitulipua tutakuja kukushtaki kwa kaka mbinguni." Wengine wakafuata. Kikao kikavunjika chenyewe, na mambo ya kutafuta fundi hayakuzungumzwa tena.

Basi miaka ikapita hivyo, mpaka redio ilipotangaza sheria mpya. Serikali ilisema kwamba yeyote anayezalisha umeme, uwe wa jua, wa upepo au wa maji, na kuusambaza kwa watu wengine, ajisajili, na mtambo wake ukaguliwe. Ukifaa, apewe cheti. Usipofaa, utafungwa kwa lakiri, yaani waya mwembamba wenye kidonge cha risasi kilichopigwa mhuri, ambao ukiukata umetenda kosa la jinai.

Bondeni maneno yalichemka. "Wao waya zao hazijafika huku hata kwa bahati mbaya, leo wanakuja kuzima zetu," alisema fundi cherehani. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mnene mwenye moyo mzuri na woga mwingi, alishauri wanyamaze. "Tukinyamaza nani atajua? Taa haina mdomo."

"Taa ndiyo yenye mdomo, mwenyekiti," alisema Bi Weka. "Inaonekana toka ng'ambo ya kilima. Mimi nitakwenda kujisajili. Sheria si nyoka hata niikimbie kabla haijaniuma."

"Na wakikufungia?"

Mtambo ule ndio uliokuwa umebaki wa mumewe duniani, ukiacha aproni. Hawakujaliwa mtoto. Watu wa mteremko wakiwasha taa, kwake ilikuwa kama vile mume amerudi na kubisha hodi kila nyumba. Kufungwa kwa mtambo kungekuwa kumzika mara ya pili. Lakini alisema tu, "Wakinifungia watakuwa wamefunga mbele ya macho yangu, siyo nimejificha nyuma ya mlango."

Alikwenda. Ofisini alimkuta karani kijana aliyemtazama, akatazama nyuma yake, akatazama tena mlangoni.

"Mzalishaji wa umeme mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Umemwona."

"Wewe?"

"Mimi, mwanangu. Au ulitaka mwenye ndevu?"

Karani alicheka, akampa kiti, akamsaidia kujaza fomu kwa upole wote. Siku ya ukaguzi ikapangwa.

Siku hiyo bonde lilifagiliwa kama linapokea bwana harusi. Mama Pacha alipaka chokaa mawe ya pande zote mbili za kijia. Bi Weka aliusafisha mtambo kwa mafuta ya taa na kitambaa, akapaka grisi penye kutaka grisi, kisha akapiga magoti kando ya pipa akaomba. Hakuomba mtambo ufaulu. Alisema, "Bwana, usiniache niseme uongo leo," akainuka.

Mwenyekiti naye hakulala usingizi kwa mawazo. Kilichomsumbua ni ule mwito. Alijua kuna siku watu wanachelewa kuitika, mmoja yuko chooni, mwingine anabishana na muuza kuni, na Bi Weka husimama pale akisubiri mpaka maji yanaanza kufurika juu ya lango. Mgeni wa serikali akiona vile si atasema huu ni umeme wa kubahatisha? Basi asubuhi alipita mlango kwa mlango, kwa siri, bila Bi Weka kujua. "Leo tujibu chap chap, jamani. Asionekane mtu amezubaa. Anayechelewa, jirani yake amjibie. Siku moja tu, kwa heshima ya mama yetu." Watu walitazamana, kwa kuwa ni jambo lisilowahi kufanyika, lakini aliposema kwa heshima ya mama yetu, wakakubali. Upendo ndio uliowadanganya. Asiyempenda asingejisumbua.

Mlango mmoja tu alikuta mwenyewe hayupo. Nao ni wa shemeji.

Mkaguzi aliwasili alasiri, mtu wa makamo, mkimya, viatu vimeng'aa, begani mkoba wa vipimo. Aliamkia watu wazima kwa adabu, akakataa kiti, akaanza kazi. Alipima hiki, akagonga kile, akalala kifudifudi kwenye majani kutazama chini ya bomba bila kujali shati lake. Bi Weka alianza kumpendea hapo. Mtu anayelala kifudifudi kwenye kazi ya watu, alijisemea, huyo hakuja kutafuta soda.

"Mama, huu mkanda umeushona mwenyewe?"

"Nimeushona mwenyewe, kwa sindano ya viatu."

"Umeushona vizuri." Akaandika. "Swichi yako kuu haina kinga. Nguzo mbili nilizopita zimeliwa na mchwa chini. Nitatazama waya baadaye. Sasa washa nione."

Mwenyekiti alikuwa amesogea juu, karibu na nyumba za mwisho, ili aongoze majibu kama kiongozi wa kwaya. Watu walikuwa milangoni, nguo safi, wakingoja zamu. Bi Weka alisimama mahali pake.

"Nawekaaa."

"Weka."

"Weka."

"Weka, mama."

Yakaja majibu mbio mbio, moja halijaisha jingine limeanza, kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Bi Weka alikunja uso. Hata fundi cherehani alitoa neno zima. Majibu yakapanda, yakapanda, yakafika nyumba ya mwisho, na kutoka huko ikaja sauti nzito, ya heshima, iliyonyooka.

"Weka."

Mkaguzi alitikisa kichwa kuridhika. "Mpangilio mzuri huu. Haya, mama, fungua."

Mkono wa Bi Weka ulikuwa tayari juu ya mpini. Haukusogea.

"Bado mmoja," alisema.

"Wameitika wote. Nimewahesabu kwenye orodha ya nyumba uliyonipa."

"Shemeji yangu hajaitika."

Mama Pacha, aliyekuwa jirani na kibanda, alisogea akanong'ona, jasho likimtoka. "Bi Weka, si ameitika jamani, wote tumesikia. Fungua, mgeni anangoja."

"Shemeji yangu hajawahi kuniitikia kistaarabu tangu nimeolewa," alisema Bi Weka. "Ataanzia leo?"

Kutoka juu mwenyekiti alipaza tena ile sauti nzito, "Weka, Bi Weka, weka." Ikawa mbaya zaidi, maana shemeji angekufa kabla ya kumwita Bi Weka. Kwake alikuwa shemeji, au kikongwe, au adui wa chumvi.

Mkaguzi alitazama saa yake. "Mama, ukiwa na mtambo usioweza kuuwasha mbele yangu, siwezi kuandika kwamba unafanya kazi. Unaelewa?"

Alielewa sana. Aliutazama mpini, akalitazama pipa la mumewe lililong'aa kwa mafuta ya taa. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya lango, yanataka kupita. Neno moja tu, kusukuma mkono mara moja, na bonde lingekuwa salama kwenye karatasi. Aliondoa mkono, akaupangusa kwenye aproni kana kwamba ulikuwa umeshika kitu kichafu.

"Naelewa, mwanangu. Andika unavyotakiwa kuandika. Mimi nakwenda kuangalia."

Akatoka na mabuti yake ya mpira akapandisha kijia. Hakukimbia, lakini waliomfuata walilazimika kukimbia. Mkaguzi naye alifuata, sijui kwa hasira au kwa udadisi, viatu vyake vinateleza kwenye chokaa ya Mama Pacha. Walimpita mwenyekiti amesimama kwenye lango la shemeji, mikono kifuani. Uso wake ulianza kubadilika kabla hata hajaulizwa.

Walizunguka nyuma ya karakana, kwenye nguzo ya mwisho. Huko, juu ya ngazi, alikuwa shemeji mtu. Kichwa kiko katikati ya waya, koleo ameing'ata kwa meno, na katika kila mkono ameshika ncha ya waya iliyochunwa ngozi, nyekundu, tupu, inang'aa.

Bi Weka aliishika ngazi kwa mikono miwili.

Shemeji aliwatazama toka juu, akaachia ncha moja, akaitoa koleo mdomoni. "Mbona mmekuja wote? Mnazika?"

"Shuka kwanza, mzee wangu," alisema mkaguzi taratibu. Sauti yake haikuwa ile ya kibandani.

Aliposhuka alieleza. Pale juu palikuwa na kiungo cha waya alichokifunga siku nyingi kwa mfuko wa nailoni, na leo alipomwona mgeni anavyokagua kila kitu akaona haya. Akasema apande haraka akifunge kiume kabla mtu hajafika huku.

"Na mwito hukusikia?" aliuliza Bi Weka.

"Nimesikia. Ningejibuje na koleo mdomoni?"

"Si ungeshuka?"

"Nishuke kwa nini?" Alimshangaa kweli kweli. "Mimi sijaitika. Wewe bila mimi si huwashi."

Maneno hayo aliyasema kama mtu anayesema jua huchomoza asubuhi. Mwenyekiti aliyasikia. Akaenda pembeni akaketi kwenye kipande cha chuma, akafunika uso kwa mikono yake minene, mabega yakawa yanatikisika. Shemeji alimtazama, akatazama waya, akatazama mikono yake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake utani ukamkimbia.

Bi Weka alimwendea mwenyekiti akamwekea mkono begani. "Mungu amekataa, mwenyekiti. Yeye akishakataa, mimi na wewe ni nani? Inuka, ndugu yangu, kuna mgeni."

Mgeni alikuwa amesimama chini ya nguzo, ameshika kalamu bila kuandika. "Nani aliwafundisha huu mwito?" aliuliza.

"Mume wangu."

"Na mkifanya kazi kwenye waya mnafanyaje?"

"Tunategemea mwito."

"Mwito ni mzuri, mama. Lakini leo umeibiwa sauti." Alifungua mkoba wake akatoa kufuli dogo jekundu. "Kanuni inasema hivi. Swichi kuu iwe na mahali pa kufunga. Anayepanda nguzo, yeyote yule, anafunga kufuli lake kwenye swichi kabla ya kupanda, na ufunguo anapanda nao mfukoni. Wakipanda watatu, makufuli matatu. Hakuna anayemfungulia mwenzake."

Bi Weka alilipokea lile kufuli, akaligeuza geuza kiganjani. "Yaani hata mimi mwenye mtambo nikitaka kuwasha, siwezi."

"Huwezi. Hata mimi siwezi. Hata waziri."

Alikumbuka fyuzi kwenye msumari, na vidole viwili visivyonyooka, na mumewe akisukuma sahani. "Hiyo sheria," alisema, "aliyeiandika aliwahi kuzika mtu."

Mkaguzi alifunga mkoba wake. "Nyingi tulizonazo ziko hivyo, mama. Tatizo tukija kuzisoma, watu wanasikia karatasi tu."

Waliteremka pamoja, na njiani akamwambia ukweli, kwa kuwa naye hakumficha kitu. Nguzo zimeoza. Kiungo kimefungwa kwa nailoni. Swichi haina kinga. Hawezi kuacha mtambo ukiendelea kama ulivyo, na hata kama angeweza, kwa alichokiona dhamiri isingemruhusu. Ilibidi aweke lakiri mpaka marekebisho yafanyike.

Watu waliposikia walikuja juu kwa hasira. "Mtu ameokoa roho mchana kweupe, halafu ndiye anayefungiwa?" alisema fundi cherehani, pini zimemtoka mdomoni. Mama Pacha alianza kulia. Bi Weka aliinua mkono wakanyamaza.

"Nguzo zimeoza, hazijaoza?"

Fundi cherehani alirudisha pini mdomoni.

"Basi. Daktari akikwambia una homa unamfukuza?" Akaingia kibandani. Mkaguzi alipohangaika kupitisha ule waya mwembamba kwenye mpini, yeye ndiye aliyemshikia, akanyoosha vidole vyake vyembamba akauvuta upande wa pili, kama zamani alivyokuwa akishika spana. Risasi ikabanwa. Ikalia tak. Hakutoa chozi mbele ya watu. Alivua mabuti, akavaa ndala, akaenda nyumbani.

Kesho yake palikuwa na giza la zamani bondeni. Vibatari vilitolewa uvunguni, watu wakakohoa moshi. Wapo walionung'unika, kwamba angewasha tu, mbona shemeji angeshuka mwenyewe, mbona hiki, mbona kile. Binadamu hakosi la kusema tumbo likiwa limeshashiba uhai. Lakini saa ya kawaida ilipofika, jua likaegemea kilima, wakasikia toka mtoni:

"Nawekaaa."

Watu walitoka milangoni wakatazamana. Huyu mama amechanganyikiwa? Kisha toka nyumba ya juu ikaja sauti, haikungoja zamu yake.

"Unatuwekea nini, shemeji, masizi?"

Kicheko kilishuka mteremko mzima. Halafu, kuanzia nyumba ya chini, wakaitika. Weka. Weka, mama. Weka, dada. Mmoja mmoja, kila mtu kwa mdomo wake. Hapakuwa na taa ya kuwashwa, lakini walikuwepo wote na wote walijua kwamba wote wapo. Akafanya hivyo kila alasiri. Asiyeitika alikwenda kuangaliwa, na aliyekwenda kuangalia mara nyingi alikuwa mwenyekiti, akihema, kibatari mkononi, hakuna aliyemtuma.

Nguzo mpya zilikatwa, zikapakwa oili chini, zikasimamishwa kwa jasho la mteremko mzima. Swichi mpya ilinunuliwa kwa michango. Shemeji alichomelea mwenyewe sahani ya chuma yenye matundu ya kufungia makufuli, akaifanya imara kuliko mlango wa benki, na bila kuulizwa akachonga pembeni jina la karakana yake ili kila anayepanda nguzo alione. Kiungo cha nailoni alikiweka kwenye chupa, akakitundika juu ya meza yake ya kazi. Mteja akiuliza ni nini, alisema, "Huyo ni mimi."

Mkaguzi aliporudi hakuvaa viatu vya kung'aa. Alikagua kama mara ya kwanza, tumbo chini, hakupunguza kitu. Bi Weka alisimama kando, mikono nyuma, midomo ikisogea bila sauti. Mwisho mkaguzi alisimama, akajipukuta majani, akatoa mkasi mdogo akaukata ule waya wa lakiri. Kidonge cha risasi alikiweka kiganjani mwa Bi Weka.

"Cheti kitakuja kwa jina lako, mama. Mzalishaji na msambazaji. Uwashe."

Kwenye sahani ya chuma hapakuwa na kufuli hata moja. Bi Weka alilitazama kila tundu, akapitisha na kidole. Kisha akaenda mlangoni, akajaza kifua hewa.

"Nawekaaa."

Wakaitika bila haraka. Mama Pacha aliitika huku mtoto akimvuta sikio. Fundi cherehani alitoa nusu neno. Mwenyekiti, kwa sauti yake mwenyewe, aliitikia nyumba yake mwenyewe. Ikafika nyumba ya mwisho, na hapo pakawa na kimya. Mkaguzi alimtazama Bi Weka. Bi Weka hakusogea. Hakukunja uso. Alingoja tu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Weka, kikongwe," ikashuka sauti toka juu, "na leo umtilie mgeni chumvi."

Wakacheka mpaka mtoni. Bi Weka aliushika mpini, lakini kabla hajausukuma aligeuka kumtazama mkaguzi, aliyekuwa ameegemea ukuta wa kibanda.

"Na wewe?" aliuliza. "Huku bondeni huna nyumba. Nani akuitikie?"

Mkaguzi alijiondoa ukutani, akatazama mikono yake kama haigusi kitu, akasimama sawa.

"Weka, mama," alisema.

Naye akafungua maji.